Mkanda Ulioanikwa na Maharage

Jumamosi, katikati ya mwezi wa nne. Asubuhi mlima Kwaraa haukuonekana kabisa kwa ukungu. Manyunyu yalianza kabla ya chai, yakakoma kama saa nne hivi, kisha jua likatoka. Njia ya Sigino ilikuwa matope matupu.

Naandika haya kwenye daftari langu la mistari, lile ninaloandikia mambo ya nyumbani. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta nimeruka mahali au nimerudia neno, nivumilie rafiki yangu. Tena kuna sehemu ambazo sina hakika nazo. Nikifika hapo nitakuambia kwamba hapa sina hakika, maana sipendi kumsingizia mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi.

Mambo yalianza jana jioni. Nilikuwa kwenye cherehani, nakunja pindo la sare ya shule ya mtoto wa jirani, binti yangu akanipiga picha kwa simu bila kuniambia. Akabonyeza bonyeza, akaniletea. Nikajiona sina rangi, mweusi na mweupe tu, na cherehani yangu nayo.

"Mbona umenitoa rangi?" nikamuuliza.

"Ndiyo fasheni, mama. Unaonekana mtu wa zamani."

"Mtu wa zamani nani, wewe mtoto?"

"Yaani mtu mwenye historia. Usikasirike." Akacheka, halafu akauliza kitu ambacho hakujua kina uzito gani. "Na yule bibi aliyekulea, picha yake iko wapi? Niwaweke pamoja."

"Hana picha."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akasema pole, akarudi jikoni. Hakuuliza kwa nini, na mimi sikumwambia. Sababu ninayo tangu nikiwa darasa la nne. Sikuwahi kuitoa mdomoni, si kwa bibi, si kwa mume wangu, si kanisani. Sasa kilichonifanya nisilale vizuri ni hiki: mama anayetuletea mboga alipita saa ile ile, akasema yule mzee mpiga picha wa zamani, anayekaa Sigino siku hizi, macho yameshakwisha, na Jumatatu mwanawe anamchukua kwenda kuishi naye Dodoma. Nikasema moyoni, basi ni kesho. Nisipokwenda kesho nitakufa nalo.

Lakini nikikupeleka Sigino moja kwa moja hutaelewa. Ngoja nianze na mtaa wetu.

Nyumba ya bibi ilikuwa nyuma ya soko, ukuta kwa ukuta na studio. Hiyo ni kabla Babati haijawa makao makuu ya mkoa, mji ukiwa bado unasinzia mchana. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na nyasi, ndani baridi nzuri hata jua likiwa kali. Studio ilikuwa ya bati, na kwenye joto lile bati lilikuwa likilia lenyewe, ta, ta, kama mtu anagonga kwa ukucha. Asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, nikapepeta maharage na bibi. Tukichoka tulikaa kizingitini tukiangalia watu wanavyoingia studio wakiwa watu wa kawaida na kutoka wakiwa wamejikaza.

Mwenye studio sisi watoto tulimwita Mjomba Picha. Alikuwa mtu mwembamba, vidole vyake vya mkono wa kulia vimekuwa kahawia kwa dawa. Ukutani kwake alichora mwenyewe Kwaraa na ziwa letu, na kiboko mmoja ametoa masikio. Pembeni akachora mnazi. Bibi alimwuliza mnazi huo ameuona wapi Babati. Akajibu kwamba mteja akituma picha kwao lazima waone amefika mbali. Kwenye msumari lilining'inia koti moja jeusi na tai yake. Koti hilo liliwavalisha wanaume wote wa mji huu. Nenda nyumba yoyote ya zamani hapa, fungua albamu, utalikuta limevaliwa na baba mwenye nyumba, na adui wa baba mwenye nyumba naye kalivaa.

Kamera yake ilikuwa ya kuchungulia kwa juu. Aliishika kifuani, akainamisha kichwa, akakaa kimya. Hukuruhusiwa kucheka. Alikuwa akisema, "Funga mdomo, meno tutayaona harusini." Halafu kile chumba cha ndani, chenye taa nyekundu na harufu kali kama siki, ndiko alikosafishia picha. Neno hilo, kusafisha, nililielewa kwa akili yangu ya kitoto. Niliamini picha zinatoka kwenye kamera zikiwa na uchafu, anazifua, ndiyo maana anazianika kwenye kamba na vibanio kama sisi tunavyoanika nguo. Naomba ukumbuke hilo. Sisemi kwamba linanitetea, ila lilikuwemo kichwani mwangu siku ile.

Baadaye karibu na stendi ikafunguliwa studio ya picha za rangi. Watu wakamiminika, na sitawalaumu. Ukiwa na kitenge kizuri unataka kionekane. Bibi yangu peke yake ndiye niliyemsikia akizisema vibaya.

"Picha za rangi zina uchongezi," alisema. "Zinamsema mtu."

Alikuwa na gauni moja la kanisani, la bluu lenye maua meupe. Lilikuwa limefuliwa mpaka bluu yake imekuwa kama maji ya majivu. Picha nyeusi na nyeupe haingelisema hilo gauni. Ingeonyesha maua, ingeonyesha kola aliyoipiga pasi ya mkaa, ikanyamazia mengine. Nimelifikiria jambo hili sana nikiwa mtu mzima na fundi wa nguo. Zile picha zilikuwa na huruma. Mwenye gauni jipya na mwenye lililochuja walitoka sawa.

Hata hivyo bibi hakuwahi kupigwa hata moja. Kila mwaka alikuwa na sababu. Mara mguu umevimba, mara angoje mavuno ya shamba la Mutuka, mara meno. Mpiga picha alimtania kila akipita.

"Mama, shikamoo. Leo mwanga mzuri."

"Marahaba. Mwanga mzuri anikia mahindi yako."

Sasa siku moja Mjomba Picha alirudi na basi la Arusha, akaja moja kwa moja kwa bibi hata mkoba hajautua. Nilikuwa nachambua mboga, nikasikia yote.

"Wameacha kutengeneza," akasema.

"Wameacha kutengeneza nini?"

"Mikanda. Ya nyeusi na nyeupe. Kiwanda kimefunga kazi hiyo. Karatasi zake nazo hakuna. Mwenye duka kaniambia nisisumbuke kurudi."

"Kiwanda cha wapi?"

"Huko Ulaya."

"Kwa nini?"

"Watu wanataka rangi, mama."

"Na sisi tusiotaka rangi wametuuliza?"

"Sisi hawatujui."

Kwa haki niseme hapa: inawezekana mwenye duka alimaanisha kiwanda alichokuwa akinunua kwake tu. Binti yangu ameniambia njiani leo kwamba mpaka sasa wapo mahali fulani duniani wanaotengeneza mikanda hiyo, na vijana wanainunua. Lakini kwa Babati, siku ile, ilikuwa imekwisha. Mjomba Picha alibakiwa na mkanda mmoja wa picha kumi na mbili, na karatasi kumi na mbili za kusafishia. Basi.

Mtu mwingine angeuza. Yeye akaamua kuutumia mkanda ule bure kwa watu kumi na wawili wa mtaa wetu ambao hawajawahi kupigwa picha maishani. Aliziita picha za kuagia. Alimchagua mama muuza perege, mlinzi wa soko, mzee aliyekuwa akigonga kengele ya kanisa, fundi baiskeli mwenye jicho moja, na wengine. Na wa kwanza kabisa akamtaja bibi.

"Sasa huna pa kukimbilia," akamwambia. "Baada ya hapa ni rangi tu. Unataka gauni lako lisemwe?"

Bibi alicheka mpaka akashika mlango. Jumapili baada ya ibada alikwenda. Nilisimama kwenye kizingiti cha studio. Alikaa kwenye kiti, kanga kichwani, mikono magotini, mgongo umenyooka. Mpiga picha alipoinamia kamera bibi akasema, "Unaniinamia kama unasali, mimi si mtakatifu," na mpiga picha akasema, "Nyamaza mama, hiki ni kipande cha kwanza na sina cha kurudia." Kamera ikalia, tik. Akafuata mama wa perege, na wengine mpaka kumi na wawili. Siku hiyo mtaa ulikuwa kama sikukuu, watu wakiulizana, "Wewe ulikaa vipi? Mimi nilishika goti."

Lakini dawa ya kusafishia ilikuwa imemwishia, anangoja iletwe na basi. Studio ya bati ilikuwa na joto la kuharibu mkanda. Kwa hiyo aliuleta mkanda kwa bibi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaufunga kwa kitambaa, akaomba uwekwe kwenye kona ya mtungi wa maji, penye baridi kuliko pote. Hayo niliyajua baadaye. Sijui kama bibi aliniambia nisiguse. Nimejitahidi sana kukumbuka. Kuna miaka nimekubali kwamba aliniambia, na kuna miaka nimekataa. Siwezi kuapa.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua zinanukia. Kwenye kona ile ile kulikuwa na gunia la maharage ya mbegu. Bibi alipokwenda kanisani kwa kikao cha akina mama aliniambia, "Toa vilivyo kwenye kona ile, anika maharage, wadudu wameanza. Uangalie mvua."

Kwetu kila kilichokaa sana ndani kinaanikwa. Mahindi, maharage, godoro, Biblia, vyeti, hata viatu vya marehemu. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Nikatandika jamvi, nikamwaga maharage, nikayasambaza kwa kiganja. Nikarudi kutoa vingine. Kopo lilikuwa na umande wa mtungi. Nikalifungua, nikakuta kitambaa kimeshika unyevu, ndani yake kibunda cha karatasi kilichofungwa kwa gundi, kama vile vya studio. Nikajiambia, hii itaota ukungu, bibi ataniuliza. Na picha si huanikwa? Nimeona kwa macho yangu zikianikwa.

Nikabandua ile karatasi ya gundi na kuanza kuufungua.

Mkanda ule ulikuwa mkaidi. Kila nikiunyoosha unajikunja wenyewe na kurudi. Nikaweka gunzi la mahindi upande mmoja kuuzuia, upande wa pili nikaushindwa, ukabaki umejiviringisha kama konokono. Ndani ya karatasi niliona utepe unaong'aa, wa rangi ya maziwa yaliyoingia chai. Haukuwa na sura ya mtu yeyote. Niliutazama nikafurahi kwamba umeanza kukauka.

Haukukaa muda mrefu. Wingu lilipanda upande wa ziwa, upepo ukaanza, nikakusanya kila kitu mbio. Maharage guniani, mkanda nikauviringisha nilivyoweza, gundi nikaipaka mate, kopo likarudi mahali pake. Bibi aliporudi mvua inanyesha alinisifu. Alisema leo nimekuwa mtu mzima.

Dawa ilifika Jumatano. Mjomba Picha alichukua kopo lake, akajifungia chumba cha taa nyekundu mpaka jioni. Alipotoka alikaa kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Watu wakaanza kukusanyika, mama wa perege na beseni lake, mlinzi wa soko na rungu lake. Akawaambia, "Mkanda ulikuwa umekaa sana dukani. Hazikutoka. Nisameheni."

Wengi walisema si kitu. Mmoja alisema mpiga picha amechoka, angewaachia vijana wa stendi. Maneno hayo yalizunguka soko lote. Na yeye hakubishana nayo. Bibi, aliyelivaa gauni lake kuipokea picha, alilivua akalikunja. Alisema tu, "Basi, nimeshakaa kwenye kiti, inatosha." Hakwenda studio ya rangi hata siku moja.

Mimi nilijua siku hiyo hiyo kwamba ni mimi niliyeziharibu kwa kuuanika mkanda. Mtu haambiwi. Nilimwona Mjomba Picha akipita uwanjani kwetu, akasimama, akaniuliza kwa upole, "Maharage yenu yamekauka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," akaenda zake. Nilidhani ni salamu za jirani.

Mwaka uliofuata studio ilifungwa, akahamia Sigino kulima. Bibi alifariki nikiwa nimemaliza darasa la saba. Kwetu mtu akifa huwekwa picha yake mbele ya jeneza, watu wapite waione. Sisi tuliweka Biblia yake na ile kanga. Nilisimama pale nikiangalia meza isiyo na sura. Nilikuwa na sababu kifuani na sikuwa na mdomo.

Hayo ndiyo niliyoyabeba leo asubuhi, pamoja na kilo mbili za sukari. Tulipanda bodaboda mpaka njia ilipokataa, tukamalizia kwa miguu, mimi na binti yangu. Alikuja kwa sababu hakutaka niteleze peke yangu. Njiani nikamwambia yote. Sikuona haki ayasikie mbele ya watu. Akasema, "Mama, ulikuwa darasa la nne." Nikamwambia kweli, lakini darasa la tano nilinyamaza, na la sita, na la saba.

Mke wa Mjomba Picha alitupokea mlangoni. "Karibu, Mama Upendo. Yuko ndani anagombana na redio."

Mzee alikuwa amekaa karibu na dirisha, macho yamekuwa meupe kama maji ya mchele. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye begi miguuni. Nikamwamkia. "Shikamoo, baba. Ni mimi, mjukuu wa yule bibi wa nyuma ya soko. Mlikuwa majirani."

"Marahaba." Akageuza sikio. Uso wake ukafunguka. "Wewe wa maharage!"

Binti yangu akanishika mkono.

"Ulijua?" nikasema.

"Nilikuta ganda la haragwe limeviringishwa humo ndani. Kiwandani hawaweki maharage."

Mkewe akacheka kwanza, akaona machozi yangu, akaacha. Nikamwomba mzee aniache niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana kujua kwake hakukuwa kusema kwangu. Akasema, "Sema." Nikasema yote kama nilivyokuandikia, na gunzi, na mate kwenye gundi. Nikamwambia, "Ulijisingizia mkanda wa zamani. Watu wakakusema sokoni. Ningeweza kusema nisikuache peke yako."

"Ningesema ni mtoto, bibi yako angekuchapa," akasema. "Angekuchapa, halafu angelia. Nilimjua. Na watu wa sokoni wangepata la kuzungumza juu yake. Mimi kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Kusemwa wiki mbili kulikuwa na uzito gani?"

"Kulikuwa na uzito," nikasema.

"Haya, kulikuwa na uzito," akakubali. "Umefanya vizuri kuja."

Halafu akamwita mkewe. "Lete lile kopo."

"Lipi?"

"Usilotakiwa kugusa."

Mkewe akaenda, akarudi ameliinua juu, kopo la maziwa ya unga, kutu imelila pembeni. "Miaka yote hii naambiwa nisiguse," akatuambia, "nikajua humu kaficha barua za mwanamke."

"Ni mwanamke kweli," mzee akasema. "Ana kanga kichwani."

Alilifungua kwa kupapasa. Ndani ya bahasha kulikuwa na kipande kimoja cha mkanda, upana wa vidole vinne hivi, kimekatwa kwa mkasi. Akaeleza. Kipande cha kwanza kupigwa ndicho kinachokuwa ndani kabisa kibunda kinapoviringishwa. Ule upande niliouita mkaidi, uliogoma kunyooka, ulikuwa umemfunika bibi. Vipande kumi na kimoja vilikuwa vimeungua kwa jua, vyeusi tii. Cha bibi kiliungua pembeni tu.

"Sasa kwa nini hukumpa?" nikauliza, na nakiri sauti yangu ilikuwa na ukali.

"Kwa kosa langu," akasema. "Nilikuwa na karatasi kumi na mbili. Nikasema cha mama kina uhakika, nikiache mwisho. Nikaanza kuwahangaikia wale wengine, labda nitapata hata pua ya mtu. Kila karatasi ilitoka nyeupe. Nikajaribu tena na tena. Nilipogeuka kwa bibi yako, karatasi hakuna. Nikasema sitamwambia, nitaipata karatasi moja nimletee picha ikiwa mkononi. Nimetafuta Arusha, nimetafuta Singida. Hata siku ya msiba nilikwenda na kipande hiki studio za rangi. Waliniambia mashine yao haimezi mkanda mpana wa zamani. Ndiyo maana nilichelewa kufika makaburini. Hukuuliza, na mimi sikusema."

Nilikumbuka kwamba kweli alichelewa. Nilikuwa nimemhesabia vibaya, nikidhani hakujali. Naandika hapa ili nimrudishie haki yake.

Binti yangu akaomba kile kipande. Akakishika kwa ncha za vidole, akakibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma yake, akakipiga picha kwa simu. Kwenye simu ilionekana sura ya ajabu, uso mweupe na weupe wa macho ukiwa mweusi, mtu nisiyemjua. Akabonyeza mahali. Weusi ukawa weupe na weupe ukawa weusi, kwa mara moja tu, kama mtu anayegeuza nguo iliyovaliwa ndani nje.

Alikuwa bibi yangu.

Upande wa kushoto ulikuwa umemezwa na weupe, kama Kwaraa ilivyokuwa asubuhi, bega moja halipo. Lakini uso ulikuwepo. Ile mikono magotini ilikuwepo. Midomo ilikuwa imebanwa kwa nguvu, ya mtu aliyetoka kusema utani na sasa anazuia kicheko. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Ningekufa nimelisahau.

Mzee ndiye aliyeuliza, uso ameuelekeza dirishani pasipo kuona.

"Gauni linaonekanaje?"

Nikaangalia vizuri, kwa jicho la fundi. "Jipya, baba. Kola imenyooka. Maua yote yanaonekana."

"Aa," akasema, akaegemea kiti. "Ndiyo maana alikubali kukaa."

Tulipoondoka alitaka nichukue kopo zima. Nikachukua bahasha, kopo nikamwachia, maana limekaa kwake kuliko kwangu. Aliniambia tukifika mjini nisafishe picha mbili, moja yake, aende nayo Dodoma. Nikamwambia hataiona. Akasema wajukuu wake wataiona, yeye atawasimulia.

Zamani zile hazirudi. Koti lile jeusi sijui liliishia wapi. Studio ni duka la vifuniko vya simu, na Kwaraa ya ukutani imepakwa rangi ya kampuni ya simu. Ile huruma ya picha zisizosema gauni limechuja, nilidhani ilikwisha siku kiwanda kilipofunga. Leo nimemwona mtoto wangu akiibonyeza kwa kidole gumba, hajui hata ni huruma, anaiita fasheni. Sitabishana naye.

Limebaki moja. Wale kumi na mmoja. Ninaojua wako hai ni watatu: mama wa perege, mlinzi wa soko, na fundi baiskeli. Nimemwomba binti yangu Jumatatu twende kwao. Nitawaambia kilichozipata picha zao, halafu kama watakubali, awapige picha na awatoe rangi. Wakikataa ni haki yao. Mama wa perege nitaanza naye, ana ulimi, nikimaliza na yeye wengine watakuwa rahisi.

Picha tumeisafisha kwenye duka la stesheneri, mbili; ya mzee tutampelekea kesho, na nyingine iko mezani hapa ninapoandika, imeegemea kikombe. Jioni tulikula makande, na maharage yake niliyaanika mwenyewe wiki iliyopita. Binti yangu aliniuliza kama nilikagua jamvi kabla ya kukusanya. Tulicheka mpaka makande yakapoa, tukayala hivyo hivyo, na chai ya rangi.